Kijiko Kilichopindwa Makusudi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Mama Sindano alifumbua macho. Nje bado kulikuwa na giza. Sauti ilitoka uani. Kwanza alidhani ni panya anaguguna gunia. Akasikiliza vizuri. Panya hakohoi. Huyu alikohoa, kisha akaendelea: kwaru, kwaru.

Alijifunga shuka, akatoka taratibu asimwamshe mtoto. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Taa ilikuwa miguuni pake, msasa mkononi. Alikuwa anasugua kijiko cha mbao.

“Baba Sindano, ni mteja gani huyo anayetaka kijiko alfajiri?”

“Si mteja. Ni kazi ya shule.”

“Ya nani?”

Fundi alipuliza vumbi la mbao. Akakiinua kijiko kwenye mwanga. “Yetu,” alisema.

Mama alicheka, akakaa kizingitini. Kijiko kilikuwa kizuri kweli. Mpini wake ulikuwa mwembamba, na mwishoni alikuwa amechonga ua dogo. Mumewe alikuwa fundi seremala mwenye mkono mwepesi. Hakuna aliyebisha hilo.

Katika mtaa wao mambo yalikuwa hivyo. Mwalimu akiwaambia watoto walete kitu walichokitengeneza kwa mikono, jioni ile wazazi walianza kazi. Fundi magari alimtengenezea mwanawe lori la bati lenye taa zinazowaka. Muuza duka hakuwa na ufundi wowote, kwa hiyo alinunua kikapu. Mtoto wake alikipeleka shuleni utepe wa dukani ukiwa bado unaning'inia. Hata Mama Sindano mwenyewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliwahi kudarizi kitambaa kizima kwa jina la binti yake.

Hakuna aliyeona kosa. Waliona ni upendo. Na ulikuwa upendo kweli, ila ulikuwa umepotea njia.

Vitu vizuri zaidi viliwekwa ndani ya kabati la vioo, ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Humo kulikuwa na kigoda cha Fundi na sanduku la Fundi. Kila akienda kwenye mkutano wa wazazi, Fundi alipitia ofisini kuvisalimia vitu vyake.

Kulipopambazuka, Sindano aliamka. Hilo lilikuwa jina lake la utani. Alikuwa mwembamba, na maneno yake yalichoma. Alikuwa darasa la tano.

Alikiona kijiko mezani. Akakishika, akakigeuza.

“Baba, kizuri. Kizuri mno. Lakini si changu.”

“Changu si ndicho chako?”

“Hapana, Baba. Mimi nina changu.”

Akafungua mkoba wake, akatoa kijiko cha kawaida cha chuma. Mpini alikuwa ameuzungushia vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye cherehani ya mama yake, tabaka juu ya tabaka. Kilivimba kama kidole kilichobanwa na mlango.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. “Hiki nacho kimepata ajali gani?”

“Hakijapata ajali. Kina kazi.” Sindano hakucheka. “Mwalimu Rangi ametuambia kila mtu atafute mtu mmoja ambaye kuna jambo linamsumbua kila siku. Tumtengenezee kitu cha kumsaidia. Mimi namtengenezea Bibi wa Kona. Siku ya wazazi, kazi zetu zitawekwa kwenye meza ndefu.”

“Ndiyo maana nimeamka kabla ya ndege! Unataka mezani paonekane hicho kidonda?”

“Asante, Baba. Ungelala tu.”

Mama aliuma mdomo asicheke.

“Mama Sindano, umeyasikia hayo?”

“Nimeyasikia.”

“Na umenyamaza?”

“Natafuta kosa lake. Bado sijaliona.”

Sindano alirudisha kijiko chake mkobani. Mlangoni aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini hakuyaacha yadondoke.

“Baba, tangu darasa la kwanza jina langu linakaa kwenye meza ile. Lakini mimi sijawahi kukaa pale hata siku moja. Safari hii nataka kazi yangu ikae, hata kama ni mbaya. Hicho chako sikipeleki.”

Akaondoka. Fundi alibaki na msasa mkononi. Kisha akakifunga kijiko chake ndani ya gazeti, akakipeleka mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu.

*

Mchana ule Mama alikuwa kibarazani, mbele ya cherehani. Fundi alikuwa anapiga randa upande wa pili wa uwanja.

“Hodi hapa!”

Alikuwa Mwalimu Rangi. Alikuwa mwalimu mgeni, aliyepewa kipindi cha sanaa muhula ule. Watoto walimwita hivyo kwa sababu vidole vyake havikukosa doa la rangi hata siku moja. Mkononi alishika kitu kilichofungwa ndani ya gazeti. Sindano alikuja nyuma yake, akiangalia chini.

“Karibu, Mwalimu. Karibu kiti.”

“Asante, Mama. Sikai sana. Fundi, nimekuja kukurudishia kijiko chako.”

Fundi aliacha randa. “Kina kasoro?”

“Hakina hata moja. Ndiyo maana nimekirudisha.”

“Lakini Mwalimu Mkuu amekipenda! Amesema kitakaa katikati ya meza.”

“Nimezungumza naye pia. Hakufurahi.” Mwalimu Rangi alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema kwamba mvua haijanyesha. “Fundi, nikikipa hiki alama, nitakuwa nimempa nani? Wewe shule ulishamaliza.”

“Sikumaliza vizuri,” alisema Fundi. Wote wakacheka, na hewa ikapoa kidogo.

“Nikuulize. Sindano alipokuwa anajifunza kutembea, ungeweza kumbeba kila mahali. Angefika haraka kuliko wenzake. Lakini miguu ya nani ingepata nguvu?”

“Yangu,” alisema Fundi polepole.

“Basi na mikono ni hivyo hivyo. Na akili inayoiongoza mikono.”

Fundi alijikuna shingoni. Hakuwa mtu wa kukubali upesi. “Mwalimu, mimi naheshimu kazi yako. Lakini sanaa si mapambo tu? Kuchora ua, kupaka rangi, basi. Kosa liko wapi nikimsaidia?”

“Mapambo yamo. Lakini si hayo tu. Mtoto anapochora, anafundisha macho yake kutazama kweli. Watu wengi wana macho lakini hawatazami. Na anapotengeneza kitu cha kutumiwa na mtu, anajifunza kumfikiria mtu huyo kwanza. Anakwenda kumwona. Anamuuliza. Anachora njia mbili tatu. Anatengeneza kwa vitu vya kuokota, mtu anajaribu, kinakataa, anarekebisha. Hiyo tunaiita usanifu. Ukimpa kijiko kilichokwisha, umemnyima yote hayo.”

Cherehani ilinyamaza. “Kama mimi,” alisema Mama. “Sikati kitambaa kabla sijampima mtu. Na bado anakuja kujaribu, nafumua, nashona tena.”

“Hasa, Mama. Sasa, Fundi, huyo Bibi wa Kona ulimpima?”

“Kijiko hakipimwi. Kijiko ni kijiko.”

“Baba,” alisema Sindano, “twende ukaone.”

Fundi alikung'uta vumbi la mbao kwenye suruali. Alichukua kijiko chake chenye ua, na Mama akaacha cherehani awafuate. “Twende,” alisema. “Leo tutajua nani fundi.”

*

Bibi wa Kona aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho, pale barabara inapokata. Zamani alikuwa mpiga taipu katika ofisi kubwa. Watu waliomfahamu walisema vidole vyake vilikimbia kama mvua juu ya bati. Sasa viungo vilikuwa vimevimba, na vidole vilikataa kukunjika. Mtaani walisema ana maringo, kwa sababu alialikwa kula na hakuenda. Akila, alifunga mlango.

Sindano pekee ndiye aliyejua sababu. Siku moja alitumwa kumpelekea gauni lililoshonwa. Akamkuta anakunywa supu, na supu imemwagika kifuani. Mtoto hakucheka wala hakukimbia. Aliligeukia gauni, akaanza kulikunjua na kulikunja tena, mpaka Bibi akamaliza kujifuta. Bibi hakuusahau wema ule.

“Leo nimeletewa ujumbe mzima?” alisema alipowaona mlangoni. “Kwani nimekufa?”

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Ingieni. Wewe seremala, inama. Mlango wangu haukujengwa kwa ajili yako.”

Mwalimu Rangi alimweleza taratibu walichokuja kutafuta. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sili mbele ya watu,” alisema. “Lakini maji nitachota, kwa ajili ya huyu Sindano. Leteni bakuli.”

Fundi alimpa kijiko chake kwa mikono miwili, kwa heshima. Bibi alijaribu kukishika. Mpini mwembamba uliteleza katikati ya vidole. Akajaribu tena. Kikaanguka sakafuni, ko! Fundi akakiokota, akakifuta, akampa tena. Ko!

“Kizuri sana, mwanangu,” alisema Bibi. “Kitundike ukutani. Nitakuwa nakiangalia nikiwa na njaa.”

Fundi aliangalia mikono yake mwenyewe, iliyojua kila kitu kuhusu mbao.

Sindano alitoa kijiko chake kilichovimba. Bibi alikishika, na hakikuanguka. Mama alishusha pumzi. Bibi akachota maji, akayapandisha. Katikati ya njia yakamwagika yote pembeni, na kitambaa kikalowa.

“Hiki kinashikika,” alisema Bibi. “Lakini kinamwaga. Tena kinakunywa maji kuliko mimi. Na sasa kimelowa, kinanuka kama soksi. Nikufiche?”

“Usinifiche, Bibi,” alisema Sindano.

Mama alingoja mtoto anune. Hakununa. Alikaa sakafuni, miguuni pa Bibi, akatoa penseli na karatasi ya kufungia sukari. “Chota tena, Bibi. Polepole. Tena. Mkono unagomea wapi?”

“Hapa. Kifundo hakigeuki.”

Sindano alichora. Mama alichungulia juu ya bega lake. Ule mchoro haukuwa mzuri wa kutundika. Lakini mkono wa Bibi ulikuwamo. Kilikuwamo kifundo kilichovimba, na kidole cha shahada kilichoshindwa kukutana na dole gumba. Mama alikuwa amemsalimia Bibi kwa mkono ule miaka mingi. Hakuwahi kukiona kidole kile.

Walipokuwa wanarudi, Fundi alifungua kinywa. “Ningekuwa mimi, ninge—”

Mama alimkanyaga mguu.

“Fundi,” alisema Mwalimu Rangi, “kumsaidia unaweza, tena sana. Mpe vifaa. Mfundishe kushika kisu asijikate. Mpe nafasi na muda. Akikwama, muulize swali. Lakini kazi usimnyang'anye.”

“Nimuulize swali gani?”

“Muulize sasa atajaribu nini.”

Fundi alimeza mate, kama mtu anayemeza dawa chungu. “Sindano. Sasa utajaribu nini?”

Sindano alianza kujibu. Alisema kwamba kitambaa kinakunywa maji, kwa hiyo anataka kitu kisichokunywa. Alisema kwamba kifundo cha Bibi hakigeuki, kwa hiyo labda ni kijiko ndicho kigeuke. Alizungumza mpaka wakafika nyumbani. Fundi hakukumbuka lini binti yake alimweleza jambo kwa urefu ule.

*

Sindano alikwenda kwa fundi baiskeli kuomba tyubu kuukuu.

“Una baiskeli?” aliulizwa.

“Sina. Nina kijiko.”

“Kijiko kimepata pancha?” Fundi baiskeli alicheka sana, lakini alimchagulia tyubu safi kuliko zote, akaiosha mwenyewe kwa sabuni.

Nyumbani Fundi alimwonyesha namna ya kukata, kisu kikielekea mbali na vidole. Alimwonyesha mara moja, kisha akaingiza mikono mifukoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupasua gogo. Sindano alikata utepe wa mpira, ukaenda upande. Mifuko ya Fundi ikacheza kama ina vifaranga ndani.

“Mikono, Baba Sindano,” alisema Mama kutoka kwenye cherehani.

“Iko mfukoni!”

Sindano alikibana kijiko kwenye jiliwa ya baba yake, akakipinda shingo ili kielekee mdomoni. Akakivuta kwa nguvu. Kikakatika. Fundi alifumba macho, akahesabu pumzi zake, akayafumbua. “Sasa utajaribu nini?” aliuliza. Safari hii swali halikumkwama kooni.

“Nitapinda kidogo kidogo.”

Akachukua kijiko kingine. Akapinda kidogo, akakimbia kwa Bibi. Akarudi, akapinda tena. Bibi alikuwa mteja mgumu. Aliagiza hapa paongezwe unene, pale papunguzwe. Siku moja alimrudisha mtoto mlangoni kwa sababu mpira ulikuwa unakwaruza. Sindano akaugeuza upande wa ndani nje, na ukalainika.

Mwisho wake kilikuwa kijiko kifupi, kinene, cheusi, kilichopinda shingo kama kuku anayechungulia. Hata Mama, aliyempenda mwanawe, hakuweza kusema kwamba ni kizuri.

“Kinafanya kazi?” aliuliza.

“Bibi amesema atakuja mwenyewe kusema.”

*

Siku ya wazazi, ukumbi wa shule ulifagiliwa mara mbili. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe. Mgeni kutoka ofisi ya elimu alikuwa njiani. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema, lakini wageni walimtia joto. Alipita mezani akinyoosha hiki na kile, pamoja na lori na kikapu alivyovitoa kwenye kabati la ofisini, akajifuta jasho.

Alipofika kwa Sindano, alisimama. “Hiki ni nini?”

“Kijiko, Mwalimu.”

“Kimepinda.”

“Nimekipinda mimi. Makusudi.”

“Binti yangu, mgeni hajui makusudi yako. Ataona kijiko kibovu, aseme shule yangu haifundishi.”

Hakusema kwa ukali. Alikichukua tu, akakitia ndani ya boksi chini ya meza. Kisha akaenda ofisini, akaleta kigoda cha Fundi kutoka kwenye kabati la vioo, akakiweka pale. Mbele yake akaweka kadi yenye jina la Sindano.

Mama aliona yote hayo akiwa mlangoni. Alimwona binti yake akiinama na kuchukua kijiko boksini.

“Kama hakikai mezani,” alisema Sindano, “kitakaa mkononi mwangu.”

Akasimama mbele ya kigoda, kijiko kimeinuliwa kama mshumaa.

“Utasimama hivyo mpaka saa ngapi?” aliuliza Mwalimu Mkuu.

“Mpaka nichoke. Na mimi sichoki haraka.”

Wazazi wakaanza kunong'ona. Mwalimu Rangi alitoka upande wa pili wa ukumbi, akaja kusimama bega kwa bega na mtoto.

“Mwalimu, huyu ni mwanafunzi wako!”

“Ni wangu, ndiyo,” alisema Mwalimu Rangi, na hakusogea.

Mama alilelewa kunyamaza mbele ya walimu wakuu. Mdomo wake haukujua kubishana nao. Lakini aliyaona magoti ya Sindano. Sauti ya mtoto ilikuwa imara, ila magoti yalikuwa yanatetemeka chini ya sketi. Mama akavuka ukumbi, viatu vikilia ka, ka, ka. Akakiinua kigoda mezani.

“Mama, unakipeleka wapi?”

“Nyumbani, Mwalimu. Kigoda hiki alichonga mume wangu, na sisi kwetu viti havitoshi.”

Mtu mmoja alicheka kwa nguvu. Mwalimu Mkuu akamgeukia Fundi. “Fundi, zungumza na mkeo!”

Fundi alikuwa karibu na dirisha. Aliinua mabega, mikono ikiwa imezama mifukoni. “Mwalimu Mkuu, mimi nimekatazwa kugusa.”

Hapo ukumbi mzima ukacheka. Muuza duka alikisogelea kikapu chake taratibu, akakiondoa mezani, akakificha nyuma ya mgongo.

Katikati ya kicheko kile mgeni aliingia. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na hatua za haraka. Alitazama meza, kisha akamtazama mtoto aliyeshika kijiko. Lakini kwanza alimwinamia mtoto wa fundi magari.

“Lori zuri hili. Taa hizi umeziunganishaje?”

Mtoto alimwangalia baba yake. Baba akaangalia dari. Mgeni alingoja jibu, akalikosa. Alimpapasa mtoto begani, akaendelea. Mwalimu Mkuu alijifuta jasho tena. Safari hii aliufuta uso mzima.

“Na wewe, mbona umesimama hivyo?”

Sindano alifungua kinywa. Kabla hajasema, sauti ilisikika mlangoni.

“Ananisubiri mimi.”

Alikuwa Bibi wa Kona. Alikuja na fimbo yake, amevaa gauni lake la kutokea. Watu walimpisha. Alijikokota mpaka kwenye meza, akakaa, akapumua.

“Mpishi wa shule yuko wapi? Nasikia leo kuna supu. Naomba bakuli.”

Mama alishtuka. Akamwinamia. “Bibi, hapa? Mbele ya watu wote?”

“Hapa hapa, binti yangu. Nimejificha vya kutosha. Mikono imeugua, mimi sikuiba kitu.”

Supu ililetwa. Sindano alimpa kijiko. Bibi alikizungushia vidole vyake vigumu, na mpira ukavishika. Akachota. Mkono ukapanda wima, bila kugeuka. Shingo iliyopinda ikauelekeza mdomo wa kijiko kwenye mdomo wake. Hakuna kilichomwagika. Akachota tena. Hakuharakisha. Alikuwa anakunywa supu huku anawaangalia watu usoni, mmoja baada ya mwingine.

“Sasa nieleze,” mgeni alimwambia Sindano kwa sauti ya chini.

Sindano alieleza. Alisema kuhusu kifundo kisichogeuka na kitambaa kilichokunywa maji. Alieleza kijiko kilivyokatika, na kwa nini mpira umegeuzwa ndani nje. Hakumwangalia baba yake hata mara moja.

Mwalimu Mkuu alisikiliza yote. Kisha akafanya jambo ambalo Mama hakulitarajia. Alisogeza vitu katikati ya meza, akatengeneza nafasi kwa mikono yake mwenyewe. “Mahali pake ni hapa,” alisema. “Nilikosea.” Akanyoosha mkono achukue kijiko.

“Unakwenda nacho wapi, kijana?” aliuliza Bibi.

“Mezani, Bibi. Kikae mahali pa heshima.”

“Kiko mahali pa heshima. Sijamaliza supu. Na jioni nitakula na nini?”

Mwalimu Mkuu alibaki na mkono hewani. Watu walicheka, naye akashindwa kujizuia, akacheka pia.

Mwalimu Rangi ndiye aliyejaza ile nafasi. Alipanga pale karatasi za sukari zenye michoro ya mkono wa Bibi. Akaweka kijiko chenye kitambaa kilichonuka, na kile kilichokatika shingo. Sindano akaisogeza kando kadi ya Mwalimu Mkuu. Akaandika jina lake upya, kwa mwandiko wake, akaliweka mbele ya vitu vyake. Vyote vilikuwa vibovu. Vyote vilikuwa vyake.

*

Baada ya siku ile mambo yalibadilika, ingawa si yote kwa pamoja. Wazazi wengine walinung'unika kwamba kazi za watoto zinatia aibu. Mwalimu Rangi aliwajibu wote jibu moja: “Njooni darasani mwone zinavyotengenezwa.” Waliokuja hawakunung'unika tena sana.

Kazi za sanaa sasa zilifanywa shuleni. Kutoka nyumbani watoto walileta vitambaa, maboksi, waya na chupa tupu. Kitu kilichokwisha hakikupokelewa. Fundi alikuja kila wiki kuwafundisha kushika msumeno. Akimaliza kuonyesha, alirudisha mikono mifukoni, na watoto walimtania kwa hilo. Kabati la vioo lilifunguliwa, na kila mzazi akachukua kitu chake. Humo ndani sasa zilikaa kazi za watoto, pamoja na majaribio yaliyokataa. Mtoto wa fundi magari alitengeneza gari la boksi. Halikuwa na taa. Alimweleza kila aliyepita jinsi magurudumu yalivyokataa kuzunguka, mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Alama za Sindano hazikufikia za kile kigoda. Mwalimu Rangi aliandika kwamba wazo lake ni zuri sana, lakini ukataji wake bado unakwenda upande. Sindano alisoma maneno hayo kwa sauti nyumbani, tena kwa majivuno.

“Ukataji *wangu*,” alisema.

Jioni moja yeye na mama yake walikwenda kwa Bibi wa Kona kumpelekea mpira mpya, maana wa kwanza ulikuwa umeanza kulegea. Sindano aliufunga mwenyewe. Mama alikaa, hakugusa. Walipoaga, Bibi aliwasindikiza mpaka nje.

“Sindano.”

“Naam, Bibi.”

“Birika langu nalo limeanza ubishi. Mpini wake unaniunguza.”

“Nitakuja kulichora.”

“Uje. Lakini usingoje birika. Hata nisipokuwa na shida yoyote, mjukuu wangu, wewe njoo tena.”